Kuharakisha utafutaji wa herufi ndani ya stringi kwa asembli ya x86-64

Kazi yenyewe ni ndogo: unapewa anwani ya stringi (mfululizo wa herufi unaoishia na baiti ya sifuri) na baiti moja, unarudisha anwani ya mahali baiti hiyo inapoonekana kwa mara ya kwanza, au sifuri ikiwa haimo. Ndiyo kazi ya `strchr` katika maktaba ya C. Hapa tunaiandika kwa NASM, programu inayogeuza asembli kuwa lugha ya mashine, kwenye Linux ya biti 64, ambako anwani huja katika rejista (hifadhi ndogo ndani ya prosesa) `rdi`, baiti katika `esi`, na jibu hurudi katika `rax`.

Anza na toleo la baiti moja moja. Ukishapata la kasi usilifute, kwa sababu ndilo litakalosahihisha hilo jingine.

```
tafuta_pole:
    mov   rax, rdi
.rudia:
    movzx edx, byte [rax]
    cmp   dl, sil
    je    .tayari
    inc   rax
    test  dl, dl
    jnz   .rudia
    xor   eax, eax
.tayari:
    ret
```

Tazama mpangilio: herufi inalinganishwa kwanza, sifuri ya mwisho baadaye. Ukigeuza, mtu anayetafuta sifuri yenyewe ataambiwa haimo, ilhali `strchr` inatakiwa kumpa anwani ya sifuri hiyo.

Wengi wakitaka kasi hukimbilia `repne scasb` kwa kuwa inaonekana ni amri moja. Iache. Inatafuta baiti moja tu, kwa hiyo italazimu kwanza uutafute urefu, yaani stringi ile ile unaipita mara mbili. Tena kwenye prosesa nyingi ni `rep movsb` na `rep stosb`, za kunakili na kujaza kumbukumbu, zilizoharakishwa. `Scasb` imebaki nyuma.

Kasi ya kweli inapatikana kwa kukagua baiti 16 kwa mkupuo mmoja. Amri za SSE2, zinazoshughulikia baiti 16 pamoja, zimo katika kila prosesa ya x86-64, hivyo huhitaji kuuliza `cpuid` (amri inayoeleza prosesa ina uwezo gani) kitu chochote. `pcmpeqb` hulinganisha baiti 16 na nyingine 16 na kuacha 0xFF pale zilipolingana. `Pmovmskb` hukusanya majibu hayo kuwa biti 16 ndani ya rejista ya kawaida. `Bsf` hukuambia biti ya kwanza iliyowaka iko wapi.

Hatari iko kwenye kingo. Kumbukumbu hugawiwa kwa kurasa za baiti 4096. Stringi ikianza baiti tatu kabla ya mwisho wa ukurasa, na ukurasa unaofuata si wako, kusoma baiti 16 kuanzia hapo kutaiangusha programu, hata kama stringi nzima ilikuwa "ab" na sifuri yake. Dawa ni hesabu: 4096 hugawanyika kwa 16 bila baki, kwa hiyo kipande cha baiti 16 kinachoanzia kwenye anwani inayogawanyika kwa 16 hakiwezi kuvuka ukurasa. Ikiwa anwani inaishia na 0xFFD, rudi nyuma hadi 0xFF0, soma zote 16, kisha zitupe 13 za mwanzo kwa kusukuma biti kulia mara 13.

```
tafuta:
    movd       xmm1, esi
    punpcklbw  xmm1, xmm1
    pshuflw    xmm1, xmm1, 0
    punpcklqdq xmm1, xmm1    ; herufi mara 16
    pxor       xmm0, xmm0    ; sifuri 16
    mov        rax, rdi
    and        rax, -16
    mov        ecx, edi
    and        ecx, 15
    movdqa     xmm2, [rax]
    movdqa     xmm3, xmm2
    pcmpeqb    xmm2, xmm1
    pcmpeqb    xmm3, xmm0
    por        xmm2, xmm3
    pmovmskb   edx, xmm2
    shr        edx, cl
    test       edx, edx
    jnz        .mwanzo
align 16
.rudia:
    add        rax, 16
    movdqa     xmm2, [rax]
    movdqa     xmm3, xmm2
    pcmpeqb    xmm2, xmm1
    pcmpeqb    xmm3, xmm0
    por        xmm2, xmm3
    pmovmskb   edx, xmm2
    test       edx, edx
    jz         .rudia
    bsf        edx, edx
    add        rax, rdx
    jmp        .kagua
.mwanzo:
    bsf        edx, edx
    lea        rax, [rdi+rdx]
.kagua:
    cmp        [rax], sil
    jne        .haimo
    ret
.haimo:
    xor        eax, eax
    ret
```

Herufi na sifuri zinatafutwa pamoja, `.kagua` ndiyo inayoamua tumekutana na ipi. Kwa kuwa `bsf` hutoa ya kwanza daima, herufi iliyo baada ya sifuri haiwezi kutupotosha.

Mstari wa `test` baada ya `shr` unaonekana wa ziada, na watu huufuta ili kuokoa amri moja. Usiufute. `shr` ikisukuma mara sifuri haigusi bendera (biti zinazotunza hali ya matokeo ya amri) kabisa, kwa hiyo `jnz` itasoma bendera zilizoachwa na `and ecx, 15`, ambayo imetoka kutoa sifuri. Mruko hautatokea, na kipande chote cha kwanza kitarukwa. Kosa hili hujitokeza tu stringi inapoanzia kwenye anwani inayogawanyika kwa 16, na `malloc` ya Linux ya biti 64 hutoa anwani za aina hiyo. Hiyo `and ecx, 15` nayo ni ya lazima: `shr` ya biti 32 hutazama biti 5 za `cl`, sisi tunataka 4 tu.

Jaribu kabla ya kupima kasi. Omba kurasa mbili kwa `mmap`, ifunge ya pili kwa `mprotect` na `PROT_NONE`, kisha upange stringi ili sifuri yake iwe baiti ya mwisho kabisa ya ukurasa wa kwanza. Ukisoma nje ya mpaka, utajua papo hapo. Halafu, katikati ya ukurasa, zungusha mianzo yote kuanzia 0 hadi 63 na urefu kuanzia 0 hadi 200, huku herufi unayoitafuta umeijaza kabla ya stringi na baada ya sifuri, mahali ambapo haitakiwi kuonekana. Weka pia utafutaji wa sifuri na wa baiti kubwa kama 0xC3, na kila jibu ulilinganishe na la `tafuta_pole`. Valgrind, programu ya kukagua matumizi ya kumbukumbu, inaweza kulalamika kwamba unasoma nje ya eneo ulilopewa. Kwa usomaji huu uliopangiliwa, ukurasa ni ule ule na hakuna kinachoharibika.

Kwa stringi ndefu, panua kitanzi kifike baiti 64. Kwanza endelea kwa 16 mpaka anwani igawanyike kwa 64, kisha soma vipande vinne kwa pamoja. Kwa kila kipande:

```
    movdqa  xmm3, xmm2
    pxor    xmm3, xmm1
    pminub  xmm3, xmm2
```

`pxor` huacha sifuri palipo na herufi, na `pminub` huchukua iliyo ndogo kati ya hiyo na baiti yenyewe, kwa hiyo sifuri hubaki kwa herufi na kwa mwisho wa stringi. Vipande vinne ukiviunganisha kwa `pminub`, unabaki na `pcmpeqb` moja, `pmovmskb` moja na mruko mmoja kwa baiti 64. Kikionekana kitu, toa 16 kwenye `rax` na uruke kwenye kitanzi safi cha 16, kisicho na ukaguzi wa 64. Ukirudi kwenye kile chenye ukaguzi utazunguka milele.

Hakuna haja ya `pcmpistri` ya SSE4.2. Inavutia, imeundwa kwa ajili ya stringi, lakini jibu lake huchukua takriban mapigo 10 ya prosesa, na `pcmpeqb` huipita kwa kazi hii. AVX2, amri pana zaidi za aina hiyo hiyo, hufikisha baiti 32 kwa mkupuo, ila hapo lazima uulize `cpuid` kwanza, upangilie kwa 32, na uweke `vzeroupper` (husafisha nusu ya juu ya rejista hizo pana) kabla ya kila `ret`.

Pima kwa `lfence` (husubiri amri zilizotangulia ziishe) ikifuatwa na `rdtsc` (husoma kihesabu cha mapigo), rudia mara elfu kadhaa, chukua kiasi cha chini. Changanya urefu: 3, 8, 20, 100, 4000. Ukipima stringi moja tu, prosesa itakariri miruko yake na kila toleo litaonekana zuri. Ikiwa stringi zako nyingi hazifiki baiti 16, achana na kitanzi cha 64, maana maandalizi yake utayalipia na kitanzi chenyewe hutakifikia.