Windows au Linux kwa kompyuta ya sebuleni? Mwongozo kwa wenye mashine za mtumba Mtwara na Lindi

Pesa ya korosho ikishaingia, wapo Masasi, Newala na Tandahimba wanaonunua kompyuta mpakato ya mtumba kwa kazi moja tu: ikae sebuleni, iunganishwe na tivii na sabufa, ichezeshe filamu, mikanda ya harusi na kaswida. Kinachoulizwa mwanzo huwa ni kuweka Windows au Linux. Swali hilo linawahi mno. Filamu ikikwamakwama, mara nyingi tatizo ni chipu isiyoweza kufungua aina ya video uliyoipa, na kubadilisha mfumo endeshi hakutaongeza kitu ambacho chipu haina. Basi tunaanza na mashine, kisha mafaili, mfumo baadaye.

Hatua ya 1: Ijue prosesa

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, bonyeza Enter, kisha soma mstari wa Processor. Kwa Intel Core za mashine hizi za mtumba, tarakimu za mwanzo baada ya kistari ndizo kizazi: i5-4300U ni kizazi cha 4, i5-6300U ni cha 6, i5-10210U ni cha 10. Celeron na Pentium hazifuati hesabu hii, itabidi utafute jina kamili kwenye tovuti ya Intel.

Ndani ya chipu kuna sehemu maalumu ya kufungua video, na kila kizazi kinajua aina zake. Kizazi cha 4 na cha 5 hufungua H.264 bila jasho. Cha 6 kinaongeza HEVC, yaani H.265, ya biti 8. Cha 7 hadi cha 10 vinafungua HEVC ya biti 10 pamoja na VP9. AV1 inaanzia kizazi cha 11.

Aina isiyokuwemo humo huiangukia prosesa yenyewe, ipige hesabu kwa nguvu: feni inalia, mashine inachemka, betri inaisha upesi. Kizazi cha 4 bado kinaweza kumudu HEVC ya 1080p kwa njia hiyo. 4K sahau.

Angalia pia RAM na diski. GB 4 za RAM ndizo mwanzo wa kuongea. Diski ikiwa ni ile ya kuzunguka, badilisha uweke SSD ya inchi 2.5 ya GB 240, lakini ujue unachonunua: mashine itawaka haraka na programu zitafunguka haraka, ila filamu iliyokuwa inakwama kwa sababu ya chipu itaendelea kukwama vilevile.

Hatua ya 2: Yajue mafaili yako

Fungua filamu kwenye VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza Ctrl na J, tazama mstari wa Codec, yaani aina ya video. H264 inacheza karibu kila mahali. HEVC linganisha na kizazi ulichokisoma hapo juu. Fanya hivi kwa mafaili matano au sita ya vyanzo tofauti: flashi ya jirani, video ya simu, mkanda wa harusi uliotoka kwa mpiga picha. Simu za iPhone hurekodi HEVC zikiachwa kwenye mpangilio wake wa kawaida, na watu hushangaa video ya dakika mbili ikikwama wakati filamu nzima inacheza.

YouTube nayo hupenda kutuma VP9 au AV1. Kwenye mashine ya zamani, ongeza kiendelezi cha h264ify kwenye kivinjari, kitailazimisha itume H.264. Utapoteza ubora wa juu ya 1080p, ambao mashine hiyo isingeuweza hata hivyo.

Hatua ya 3: Sasa chagua mfumo

Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wakati mashine inawaka), RAM GB 4, diski GB 64 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu isipokuwa chache sana. ThinkPad T480 nyingi zinapita. EliteBook 840 G3 na Latitude E7470, zenye kizazi cha 6, hazipiti. Kuna mbinu za kuilazimisha iingie. Kwa mashine ya sebuleni hatuzishauri, kwa sababu Microsoft haijaahidi kwamba mashine za namna hiyo zitaendelea kupata masasisho. Mashine ikipita na una RAM GB 8, baki Windows. Huduma za filamu za kulipia pia huonyesha ubora wao wa juu huko. Kwenye kivinjari cha Linux, 4K ya Netflix huipati.

Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza wa usalama kwa watu binafsi unakwenda hadi Oktoba 2026. Haizimiki siku hiyo. Mashine isiyoingia intaneti inaweza kuendelea kucheza filamu nayo, lakini flashi zinazozunguka mtaani huleta virusi hata pasipo intaneti.

Linux Mint ndiyo tunayoipendekeza kwa kizazi cha 4 hadi cha 7. Toleo la 22 linahudumiwa hadi 2029. Mint huja kwa sura kadhaa: ukiwa na RAM GB 4 chukua Xfce. Ukiwa na GB 8 chukua Cinnamon, inafanana zaidi na Windows na wazee hawatapotea.

LibreELEC, aina nyingine ya Linux, inawaka moja kwa moja ndani ya Kodi, programu ya kuchezea filamu na muziki, basi. Hakuna kivinjari wala pa kuandikia barua, na ukiisakinisha inafuta diski nzima. Kwa mashine itakayokaa nyuma ya tivii na kuendeshwa kwa simu kupitia programu ya Kore, hakuna kilicho chepesi zaidi. Kwa mashine ambayo watoto wataifanyia kazi za shule, hapana. ChromeOS Flex, mfumo wa Google, ni ya kuishi mtandaoni, na kwa watu wa bando si chaguo. MacBook ya zamani iache na macOS yake, uiwekee VLC tu, maana QuickTime, kichezeshi chake, haifungui mafaili ya MKV.

Hatua ya 4: Tengeneza flashi na ujaribu kabla ya kufuta chochote

ISO ya Mint, yaani faili la kusakinishia, ina karibu GB 3. Ikipakuliwa kwa bando linalokatika njiani, faili linaweza kuharibika bila kusema. Lihakiki: kwenye dirisha la amri la Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe na namba iliyoko kwenye tovuti ya Mint. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya.

Chukua flashi ya GB 8 au zaidi usiyoijali, kwa sababu itafutwa. Jihadhari na zile zilizoandikwa GB 512 kwa bei ya chai. Zipime kwanza kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa flashi. Fungua Rufus, programu ya kuandika ISO kwenye flashi, chagua ISO, acha mpangilio wa GPT na UEFI, na ikikuuliza namna ya kuandika, chagua ile iliyopendekezwa.

Zima mashine, chomeka flashi, washa huku ukigonga F12 kwa Dell na Lenovo, au Esc kisha F9 kwa HP. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapo ndipo pa kufanyia mtihani. Chomeka flashi ya pili yenye yale mafaili matano, ucheze kila moja kwa dakika kumi. Jaribu Wi-Fi, sauti, mwanga wa skrini, na kuilaza na kuiamsha. Wi-Fi isipoonekana, huenda ni chipu ya Broadcom: unganisha simu kwa waya wa USB, washa ugawaji wa intaneti, kisha ufungue Driver Manager.

Hatua ya 5: Sakinisha

Ndani ya Windows bado kuna kazi tatu. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, hifadhi ufunguo wake wa kurejesha. Zima Fast Startup (uwashaji wa haraka) kwenye Power Options. Ukiiacha, Windows huwa haizimiki kabisa, na Linux itaisoma diski hiyo bila kuruhusu kuandika.

Hakikisha betri imejaa na chaja imechomekwa. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS usiianzishie kazi hii siku ambayo umeme wa TANESCO unacheza. Ukikatika wakati kisakinishi kinapunguza sehemu ya Windows, unaweza kupoteza mifumo yote miwili.

Kwenye kisakinishi, weka alama kwenye kisanduku cha kodeki za medianuwai. Kama hukuwa na intaneti wakati huo, baadaye fungua Terminal uandike sudo apt install mint-meta-codecs. Mint ipe GB 100 kama zipo. GB 20 ndicho kiwango cha chini.

Ukimaliza, sakinisha vainfo, programu ya kuonyesha aina za video ambazo chipu inafungua, kwa sudo apt install vainfo, kisha iite kwa jina lake. Ukiona VAProfileHEVCMain10 kando ya VAEntrypointVLD, chipu inafungua HEVC ya biti 10 na Linux inalijua hilo. Kwenye Windows, uthibitisho uko Task Manager, kwenye grafu ya Video Decode ndani ya GPU: ikilala sifuri huku filamu inacheza, prosesa ndiyo inayoteseka.

Hatua ya 6: Tivii na sabufa

HDMI hubeba picha na sauti, lakini sauti haihami yenyewe kila mara. Kwenye Mint ingia mipangilio ya sauti, sehemu ya Output, uchague HDMI. VGA haibebi sauti kabisa. Tumia waya wa milimita 3.5 kwenda kwenye zile tundu mbili, nyekundu na nyeupe, za sabufa. Waya huo ni mzuri hata ukiwa na HDMI, maana spika za tivii nyingi ni za kusomea taarifa ya habari.

Kingo za picha zikikatwa, usihangaike na kompyuta. Tafuta kwenye rimoti ya tivii Just Scan au Screen Fit. Sauti isipolingana na midomo, kwenye VLC tumia J na K. Maandishi yakichelewa au kuwahi, G na H.

Diski ya nje ya filamu iwe exFAT au NTFS. FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na mkanda wa harusi hufika hapo haraka.

Hatua ya 7: Linda bando, rekebisha saa

Kwenye Windows, ingia mipangilio ya Wi-Fi yako na uwashe Metered connection, kisha zima Delivery Optimization ili mashine isiwapakulie wengine kwa bando lako. Mint haisasishi bila idhini yako kama hukuwasha masasisho ya moja kwa moja.

Ukiwa na mifumo miwili, saa itakusumbua. Linux huandika saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, kwenye ubao mkuu wa mashine, Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko saa tatu mbele: saa 2 usiku, Windows itakuonyesha saa 11 jioni. Andika timedatectl set-local-rtc 1 kwenye Terminal ya Mint. Ikiwa tarehe nayo inarudi nyuma miaka kadhaa kila mashine inapokaa bila umeme, na tovuti zinakataa kufunguka zikilalamikia cheti, hiyo ni betri ya CR2032 iliyokufa, si mfumo endeshi.