Kabla Hujaandika Barua ya Kuacha Kazi Serikalini Ili Uchukue Mafao

Nilikuwa afisa utumishi katika halmashauri kwa miaka mingi. Barua zilizonisumbua zaidi mezani zilikuwa zile fupi, za mistari mitatu, ambamo mtumishi mwenye umri wa miaka 40 na kitu anaomba kuacha kazi kwa “sababu binafsi”. Ukimkalisha na kumuuliza kwa upole, sababu hizo huwa ni mkopo wa benki, nyumba iliyokwama kwenye linta au ada ya mtoto, na matumaini yake yote ni kwamba akishatoka kazini mfuko utamlipa michango yake kwa mkupuo. Mwongozo huu unamhusu mtumishi wa umma wa Tanzania, mwanachama wa PSSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii kwa watumishi wa umma), ambaye wazo hilo limeanza kumjia. Naomba uufuate kwa mpangilio wake, na barua usiiandike kabla hujafika mwisho.

Hatua ya kwanza: jiulize ni sheria ipi unayoitegemea.

Wengi wanaokimbilia kuacha kazi wanalikumbuka fao la kujitoa, ambalo lilimwezesha mwanachama aliyeacha kazi kuchukua michango yake bila kusubiri uzee. Fao hilo lilianza kupigwa vita kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2012, likazua malalamiko makubwa, na halimo katika sheria ya PSSSF ya mwaka 2018, iliyounganisha mifuko ya pensheni ya zamani ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuanzia Agosti 1 mwaka huo. Lililopo sasa ni fao la kukosa ajira, yaani asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 6, kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye ajira yake imekoma pasipo yeye mwenyewe kuiacha. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowaumiza watu, kwa sababu barua yako ya kuacha kazi kwa hiari ndiyo ushahidi wa kwanza kwamba fao hilo halikuhusu.

Nimewahi kuona mtumishi akishauriwa na wenzake aache kuripoti kazini ili afukuzwe, kwa imani kwamba hapo atahesabiwa kuwa amepoteza ajira. Tafadhali usithubutu. Utoro ni kosa la kinidhamu, na kumbukumbu yake hubaki katika jalada lako hata siku utakapotamani kurudi serikalini. Jihadhari pia na vishoka wanaodai kwamba wana mtu ndani wa kuharakisha malipo kwa kupewa sehemu ya fedha, kwani malipo yasiyoruhusiwa na sheria hayaharakishwi na mtu yeyote.

Hatua ya pili: hesabu miezi yako ya michango.

Fungua programu ya PSSSF Kiganjani katika simu, au fika ofisi ya mfuko ukiwa na kitambulisho, uchukue taarifa ya michango. Kila mwezi panapaswa kuonekana asilimia 5 iliyokatwa katika mshahara wako na asilimia 15 ya mwajiri. Linganisha taarifa hiyo na hati zako za mshahara, mwezi kwa mwezi, hasa miezi uliyohama kituo. Ukikuta pengo, lifuatilie sasa ukiwa bado mtumishi, maana mtu aliyekwisha kutoka hupata shida kubwa kuwasumbua wahasibu wa mwajiri wa zamani.

Namba ya kutafuta ni 180. Aliyefikisha miezi 180 ya kuchangia, sawa na miaka 15, ana haki ya pensheni ya kila mwezi atakapofikia umri wa kustaafu. Asiyefikisha hupewa malipo ya mkupuo tu umri huo ukifika, na pensheni ya maisha haipati. Niliwahi kumpokea muuguzi aliyetaka kuacha kazi akiwa amebakiza miezi 9 kufika hapo, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Alirudi wodini, na hadi leo nafurahi kwamba siku ile sikuwa na haraka.

Hatua ya tatu: piga kikotoo mara mbili.

Kikotoo ni kanuni ya kukokotoa pensheni, nayo si ngumu. Chukua idadi ya miezi uliyochangia, igawanye kwa 580, kisha zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka, unaotokana na miaka yako mitatu yenye mshahara mkubwa. Jibu ni pensheni ya mwaka mzima. Kwa waliokuwa PSPF na LAPF, tangu mwaka wa fedha 2024/25 asilimia 40 ya pensheni hiyo huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, na asilimia 60 hulipwa mwezi hadi mwezi. Kwa waliotoka mifuko mingine mkupuo ni asilimia 35.

Tumchukue mwalimu wa miaka 42, mwanachama wa PSPF tangu mwanzo, mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 na miezi 192 ya michango. Akiacha leo hapati chochote mkononi, bali atasubiri hadi afikishe miaka 55, umri wa kustaafu kwa hiari. Siku hiyo mkupuo wake utakuwa kama shilingi 19,860,000, na pensheni kama 198,600 kwa mwezi. Akivumilia hadi umri uleule atakuwa na miezi 348, na hata kama mshahara wake usingepanda kwa shilingi moja, mkupuo ungekuwa 36,000,000 na pensheni 360,000 kila mwezi. Andika hesabu yako namna hiyo, safu mbili katika karatasi moja, na umwonyeshe mwenzi wako.

Hatua ya nne: lishughulikie deni lenyewe.

Deni la benki halikomi kwa sababu mshahara umekoma. Nenda kwa afisa mikopo ukaombe muda wa marejesho urefushwe, na uhakikishe kwamba makato yako yote hayajavuka theluthi mbili ya mshahara, kwa kuwa mtumishi anapaswa kubaki na angalau theluthi moja. Kama shida ni biashara inayohitaji uwepo wako, uliza kuhusu likizo bila malipo kabla ya kufikiria kuondoka kabisa.

Hatua ya tano: ukiwa bado umeamua kuondoka.

Zipo sababu njema za kuacha kazi, na sipendi kumfunga mtu mahali asipopataka. Toa taarifa ya mwezi mmoja badala ya saa 24, kwa kuwa anayeondoka kwa saa 24 humlipa mwajiri mshahara wa mwezi mmoja. Ukiajiriwa kwenye sekta binafsi au ukijiajiri, endelea kuchangia NSSF, mfuko wa sekta binafsi, ili miaka yako isikatike. Mwisho, tunza nakala za barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini na ya mwisho ya kupandishwa cheo, pamoja na taarifa kamili ya michango hadi mwezi wa mwisho, na usitoke ofisini bila nakala ya barua yako ya kuacha kazi iliyogongwa muhuri wa masjala.