Vijana wa mtaa na stori ya redio ya dakika tatu: vile tunaitengeneza kwa simu

Koch FM, redio ya jamii ya mtaa wa Korogocho, Nairobi, ilianzishwa 2006 na vijana wa mtaa wenyewe, studio ikawa ndani ya kontena, kwa hivyo mtu asikuambie huwezi kuanza kwa sababu huna vifaa. Simu yenye rekoda na spika ya kusikilizia pamoja, basi.

Hatua ya 1: Usiende na mada mfukoni. Hapa ndipo miradi mingi huharibikia. Mfadhili ameshaandika kwa propozo kwamba stori itakuwa ya mihadarati au mimba za mapema, na kijana akishajua hivyo anakupatia kile unataka kusikia. Waulize tu ni nini kimewakera wiki hii, ama kimewafurahisha, halafu unyamaze, hata kama kimya kinakaa sana. Kuna msichana alingoja wenzake wote wamalize ndio akasema yeye anataka kujua kwa nini maji yakipotea bei ya mtungi wa lita 20 inapanda saa hiyo hiyo, na nani huwa anaamua. Singewahi kufikiria swali hilo, na mimi pia hununua hayo maji!

Hatua ya 2: Ruhusa. Aliye chini ya miaka 18, ongea na mzazi au mlezi kwanza, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hapa Kenya inataka hivyo. Lakini mzazi kukubali haimaanishi mtoto amekubali, muulize na yeye, na umwambie anaweza kujitoa hata siku ya mwisho. Stori ikiwa ya kuumiza, jina na sauti vibadilishwe.

Hatua ya 3: Kurekodi. Weka simu flaiti modi. Ishike shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo, isiwe mbele kabisa maana "p" na "b" zitapiga kama ngumi. Nyumba ya mabati inarudisha sauti, kwa hivyo kaeni karibu na kitanda, tundika blanketi nyuma ya simu, na mvua ikianza acheni tu, hakuna vile utashindana nayo. Asisome karatasi. Akisoma anageuka mtangazaji wa taarifa ya habari, sauti yake inapotea. Mwambie "nionyeshe vile huwa", utasikia anaanza kueleza foleni, mitungi ya njano, yule mzee wa mkokoteni anayepiga kelele "maji maji". Mkimaliza, rekodini dakika moja ya sauti ya mahali penyewe bila mtu kuongea, mtaihitaji wakati wa kuunganisha.

Hatua ya 4: Kuediti. Audacity, programu ya kompyuta ya kukata na kuunganisha sauti, ni ya bure, kompyuta ya saiba inatosha. Mwenye stori ndiye anakaa kwa kiti na kushika mausi, wewe simama nyuma. Akitaka kuacha sehemu yenye ananyamaza au anacheka, iache. Sheng usimtolee.

Hatua ya 5: Wenyewe waisikie stori kabla iende hewani. Ichezeni kwanza mbele ya kikundi, halafu mbele ya waliotajwa ndani, hata yule muuza maji, apewe nafasi ya kujibu na jibu lake liingie. Halafu ndio mpeleke kwa kituo cha redio. Faili kamili mtumie kijana kama dokumenti kwa WhatsApp abaki nayo, maana ni yake.