Bodaboda kwenye baridi ya Njombe: anza na mikono, injini baadaye

Ninatengeneza pikipiki Njombe mjini, na alfajiri kabla sijafungua banda huwa nabeba abiria. Kuanzia mwisho wa Mei mpaka Agosti malalamiko yanayoletwa bandani hubadilika: haishiki asubuhi, inazima yenyewe njiani, klachi imekuwa nzito, betri imekufa. Wanaoyaleta wengi ni vijana waliopanda kutoka Usangu, Ifakara au Dar, ambako pikipiki unaipiga kiki moja na safari inaanza. Mara nyingi hakuna spea ya kununua. Pikipiki ni nzima, ila inaendeshwa kwa mazoea ya joto kwenye mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Kila fundi atakwambia uanze na oili. Mimi nasema anza na mikono yako, kwa sababu mikono ndiyo inayoshika breki. Hewa ikiwa na nyuzijoto 5, nawe unakwenda kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kama vile ni nyuzijoto 2 chini ya sifuri. Hapo ni Njombe tu. Ukipanda Kitulo, zaidi ya mita 2,600, asubuhi za Juni na Julai utakuta nyasi zimeshika barafu nyeupe. Vidole vikifa ganzi unachelewa kubana breki, na sekunde moja ya kuchelewa kwa mwendo huo ni karibu mita 17 za barabara.

Glavu za sufu peke yake hazitoshi, upepo unapenya. Vaa za sufu ndani, juu yake glavu za mpira za kuoshea vyombo, namba kubwa. Zinachekesha, lakini upepo haupiti. Kisha tengeneza ngao: chukua dumu la mafuta ya kula la lita 5, likate katikati kwa urefu, kila nusu ifunge kwa waya laini mbele ya mkono wa usukani. Ukimaliza, zungusha usukani kulia na kushoto mpaka mwisho na ubane leva zote mbili. Dumu likigusa leva, kata tena. Usitoke barabarani na ngao inayozuia klachi.

Kifuani weka gazeti au mfuko wa nailoni kati ya sweta na koti. Koti la ngozi la mtumba ni zuri kuliko jaketi zito la kitambaa ambalo upepo unaliingia kama chandarua. Shingoni funga kitambaa, ncha zake uzichomeke ndani ya koti, zisije zikapepea zikanaswa na cheni. Mzula uwe mwembamba. Mnene unaifanya helmeti ikae juu juu, na ukianguka itatoka. Kioo cha helmeti kikishika ukungu wa pumzi, pakaza tone la sabuni ya maji ya vyombo upande wa ndani, kisha futa kwa kitambaa kikavu mpaka kisionekane tena, na ukiwa njiani kiache wazi kidogo, upana wa kidole.

Meno yakigongana na ukaona unakosea gia, simama. Chai ya tangawizi, kiazi cha moto, dakika 15 karibu na moto, halafu uendelee. Ukiona kutetemeka kumekoma na bado mwili ni wa baridi, na usingizi unakunyemelea, hapo usiendeshe hata mita moja, omba watu wakupeleke ndani. Pombe usiguse kabisa. Inaleta joto la ngozi tu: damu inakimbilia juu, joto la ndani linatoka, na akili ya kuendesha inatoka nalo.

Na abiria je? Sisi tunaoendesha tunajisogeza, yeye amekaa tu. Ukimbeba mgonjwa anayekwenda hospitali ya Ikonda au mama mwenye mtoto, mtoto asikae mgongoni kwa mama ambako hakuna anayemwona. Afungwe mbele ya mama, katikati yenu, na blanketi lifungwe likaze. Khanga na blanketi visining'inie karibu na gurudumu la nyuma. Abiria akikwambia punguza mwendo kwa sababu ya baridi, punguza. Baridi anayoisikia ni ya kweli.

Sasa injini. Oili nzito ikipoa inakuwa kama uji wa jana. Nchini kwetu madukani imejaa 20W-50, na kwenye joto la Morogoro haina ubaya. Huku juu, kama kitabu cha pikipiki yako kinaruhusu, tafuta 10W-40. Namba ya kwanza, ile iliyo kabla ya herufi W, ndiyo inayoeleza oili inavyotembea ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili inafika juu kwenye kichwa cha injini mapema. Hakikisha ni ya pikipiki. Oili ya gari inaweza kuifanya klachi iteleze, kwa kuwa klachi ya pikipiki nyingi imezama kwenye oili hiyohiyo ya injini.

Asubuhi fanya hivi. Ufunguo ukiwa umezimwa, piga kiki tatu au nne taratibu ili oili ianze kutembea. Weka gia ya pili, bana klachi, sukuma pikipiki mbele na nyuma mpaka uione imeachia. Sahani za klachi hugandana usiku, na ndiyo maana ukiingiza gia ya kwanza asubuhi pikipiki inaruka au inazima. Rudisha nyutro, vuta choki yote, fungua ufunguo, piga kiki bila kugusa moto, yaani mkono wa kuongezea mafuta. Ikishika, iache dakika moja, rudisha choki nusu, ikitulia irudishe yote. Usivute resi. Oili bado haijafika kila mahali, na kelele unayoipenda ni chuma kinachosagana. Usiisahau choki ikiwa imevutwa, maana petroli nyingi inaosha oili kwenye kuta za silinda na plagi inakuwa nyeusi. Kilomita mbili za mwanzo nenda polepole, injini itapata joto vizuri ikiwa inatembea kuliko ikiwa imesimama.

Kuna watu wanaweka jiko la mkaa chini ya injini. Acha. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, huvuja, tena mvuke wa petroli huhitaji cheche moja tu. Pia usilale chumba kimoja na jiko linalowaka wala usiwashe pikipiki ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa ya sumu inayotoka humo (kaboni monoksidi) haina harufu ya kukuamsha, na inaua. Pikipiki ikigoma, lowesha kitambaa kwa maji ya moto yasiyochemka, ukikamue, ukifunge kwenye kabureta dakika chache. Inatosha.

Ugonjwa unaowalia watu pesa bure ni huu wa pikipiki kuzima njiani. Umetoka na ukungu, umeteremka mlima mrefu ukiwa umefunga moto, chini injini inakohoa, sailensa (mngurumo wa injini ukiwa hujagusa moto) inapotea, inazima. Unapiga kiki hadi jasho. Baada ya dakika kumi inashika kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukienda kwa fundi anakuta haina tatizo, lakini anabadilisha plagi, koili, halafu kabureta, nawe unalipa. Kumbe ni barafu ndani ya koo la kabureta. Petroli inapogeuka mvuke inanyonya joto la chuma kinachoizunguka, na hewa yenye ukungu ikigusa chuma hicho maji yake yanaganda. Si lazima nje iwe sifuri. Nyuzijoto 8 au 10 pamoja na ukungu zinatosha. Ukisimama, joto la silinda linapanda hadi kwenye kabureta, barafu inayeyuka, ndiyo sababu inawaka tena.

Dawa yake ni uendeshaji. Kwenye mteremko mrefu usifunge moto moja kwa moja, fungua kidogo kila baada ya muda ili injini isipoe. Ikianza kukohoa, simama pembeni ikiwa bado inawaka na uishikilie juu kidogo ya sailensa. Unaweza kukinga kabureta dhidi ya upepo kwa kipande cha bati, lakini usizibe mapezi ya silinda. Injini hizi hupozwa na hewa, na ikifika saa nne jua limetoka, bati litabaki likiipika.

Kuna kisa kingine kinachofanana na hicho: maji kwenye petroli. Tenki lililo nusu tupu usiku wa baridi hutoa jasho ndani, na maji yanazama chini kuelekea kabureta. Jaza tenki jioni. Mara moja kwa wiki funga bomba la petroli, legeza skrubu iliyo chini ya kabureta, kinga kwenye kifuniko cha chupa na utazame: maji yatakaa chini yakiwa matone ya peke yake. Petroli ya chupa vijijini inunue ukibanwa tu. Ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, asubuhi ndipo utakapojua.

Mwinuko nao una mambo yake. Karibu mita 2,000 juu injini imepoteza kama sehemu ya tano ya nguvu iliyokuwa nayo Dar, kwa sababu hewa ni nyepesi. Petroli inabaki ileile, hewa ni pungufu, kwa hiyo plagi inakuwa nyeusi yenye masizi na ulaji unapanda. Skrubu ya kabureta inaweza kusaidia, lakini angalia iko wapi. Ikiwa upande wa ea klina (chujio la hewa), kuilegeza kunaongeza hewa. Ikiwa upande wa injini, kuilegeza kunaongeza petroli. Asiyejua tofauti hiyo asiiguse.

Betri ya maji hupoteza nguvu kwenye baridi, basi tumia kiki asubuhi na uiachie stata kazi ya mchana. Nyaya za klachi na moto zidondoshee oili nyepesi kutoka juu mpaka itokee chini. Maji yakikaa humo, siku ya barafu moto unaweza kugoma kurudi. Upepo wa tairi pima asubuhi kabla hujatembea, kwa sababu joto likishuka nyuzi 5 au 6 upepo unapungua karibu psi moja. Fuata kibandiko cha pikipiki, usipunguze eti ishike barabara.

Barabarani kilichonitia hofu zaidi ni kivuli. Lami ya Njombe kwenda Makete inapita kwenye misitu ya misonobari, na kona iliyo kivulini hubaki na umande au barafu wakati kona iliyopita ilikuwa kavu. Ongeza majani ya msonobari na tope la malori ya mbao. Punguza mwendo kabla ya kona, ndani yake usiguse breki ya mbele. Breki za asubuhi huwa na umande, zibane polepole mara kadhaa ukiwa bado kijiweni. Kwenye ukungu tumia taa ya chini, kwani ya juu inarudi machoni mwako, na vaa kizibao kinachong'aa.

Jioni, cheni ikiwa bado na joto, paka oili ya gia, siyo oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Ile chafu ina vumbi la chuma. Cheni ikiwa na joto, ile ya gia inaingia ndani ya pingili, na asubuhi haitakuwa imekauka. Egesha pikipiki ikitazama mashariki, siti uifunike na mfuko wa nailoni, na blanketi uweke baada ya ekizosi kupoa.

Na wewe unayeteremka Matamba kwenda Chimala kwa ile barabara ya kona 57, tumia gia ndogo muda wote ili breki zisichemke. Ukifika bondeni vua dumu na bati, rudisha skrubu ya kabureta ilipokuwa, na upime tairi upya kesho yake asubuhi.