Kabla hujamkabidhi mpangaji funguo za fremu, mfunulie chemba

Kama umechaguliwa juzi kwenye kamati ya ghorofa, najua ulichorithi: daftari la michango, malalamiko, na fremu za chini ambazo kila mkazi ana neno juu yake. Mimi ni mkazi wa maghorofa ya umma Ubungo, na huu ni mwaka wa sita nikiwa katibu wa ghorofa letu. Tuna kaya 16, maduka matatu na mgahawa mmoja. Nakuelekeza tunavyoendesha.

Anza na mgahawa. Ukiulegezea, maji machafu yatarudi chooni kwa jirani wa chini. Sisi yalitukuta. Tulipofunua chemba, lile shimo la maji machafu lenye mfuniko, tukaona mgando mweupe wa mafuta, mgumu kama kipande cha sabuni ya mche, umeshikana na mifupa ya kuku na vijiti vya mishikaki. Fundi aliuvunja kwa mtaimbo. Tangu siku hiyo, mpangaji mpya wa mgahawa, kabla hajapaka hata rangi, anafunuliwa chemba aone mwenyewe maji yake yanakokwenda.

Kisha ajenge mtego wa mafuta kati ya sinki na chemba: kisanduku cha zege chenye mfuniko, maji yakiingia mafuta yanaelea juu, na bomba la kutolea linachukua maji ya chini. Mafuta yachotwe kila Jumamosi, yatiwe kwenye ndoo yenye mfuniko na kuondoka na gari la taka. Usikubali ayayeyushe kwa maji ya moto na sabuni. Yatapita yakiwa laini, kisha yatagandia mbele, mkono usikofika. Mafuta ya chipsi yaliyochoka yaingie kwenye dumu; sinki lisiyaone.

Leseni na vyeti vya wahudumu kupima afya, maafisa wa halmashauri watafuatilia. Wewe komaa na mtungi wa gesi: usikae chini ya ngazi, maana moto ukitokea ndiyo njia yetu sote.

Kwenye maduka, kodi ni ya mwenye jengo, kamati isiiguse. Yenu ni korido, taka na maji. Mkisikia mpangaji amepokea kilemba, yaani hela ya kuachia nafasi, na kumwachia mtu mwingine fremu, mwandikieni mwenye jengo barua, kwa sababu huyo mgeni hana mkataba wa kumbana. Kreti za soda zilitusumbua sana mpaka tulipopaka mstari mweupe hatua mbili kutoka milangoni. Kreti haivuki mstari, na bibi wa ghorofa ya pili anapita na mkongojo wake bila kumwomba mtu nafasi. Kila fremu iwe na Luku yake. Sisi tuliwahi kukuta waya wa friji umeunganishwa kwenye taa ya ngazi, na bili tulikuwa tunachanga wote.

Usafi ndio unaoniuma zaidi. Mwanzoni tulichukua kampuni iliyotaja bei ndogo kuliko zote. Asubuhi moja nikamkuta dada wa usafi amekaa kwenye ngazi, akaniambia, "Mama, huu mwezi wa tatu sijalipwa, na hili dekio nimenunua kwa hela yangu." Niliona aibu. Sasa tunaajiri wenyewe watu wawili kwa mkataba wa maandishi, na mshahara unatoka tarehe 28 kabla hatujanunua hata balbu. Wapeni gambuti, glavu na kabati lenye kufuli. Dekio la chooni lisiguse ngazi. Wafundisheni mapema kwamba jiki na asidi ya choo havichanganywi, hewa inayotoka hapo inaumiza mapafu. Ngazi zidekiwe kuanzia juu, watoto wakishakwenda shule, si wakati wanashuka mbio.

Wafanyakazi hawa wapokee maagizo kwa mtu mmoja tu. Kwetu ni mimi. Mwenye lalamiko aje mlangoni kwangu, asimfokee dada ngazini.

Michango yetu ni shilingi 10,000 kwa kaya, 20,000 kwa duka na 30,000 kwa mgahawa, ambao ndio wenye taka nyingi. Kila tarehe 5 nabandika ukutani, pale kwenye mita za maji, karatasi yenye majina ya waliolipa, na risiti za sabuni nimezipiga pini pembeni.