SOMO: Kigali kwa gari lako na pesa kidogo, kupitia mpaka wa Rusumo

Wadau, likizo zinakaribia na maswali ya Kigali yameanza. Jibu langu ni lile lile: gari likufikishe, kisha lipumzike. Jiji ni la vilima, mafuta huko kwa kawaida ni ghali kuliko kwetu, na sehemu muhimu kuliko zote haidai kiingilio.

Hatua ya 1: Karatasi. Pasi ya kusafiria au hati ya dharura, leseni, kadi halisi ya gari (kama si lako, barua ya mwenyewe iliyogongwa muhuri wa wakili), cheti cha homa ya manjano, na Kadi ya Njano ya COMESA. Hiyo ni bima ya kuvukia mpaka. Tanzania si mwanachama wa COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), lakini imo kwenye mpango huo wa bima, kwa hiyo ikate kwa kampuni ya bima kabla hujaondoka. Kibali cha muda cha gari utakipata forodhani. Vishoka wapite mbali.

Hatua ya 2: Mpakani. Jaza tangi upande wetu. Acha mifuko ya plastiki, Rwanda waliipiga marufuku tangu 2008. Ukishavuka daraja la Kagera unaendesha kulia, na saa unairudisha nyuma saa moja. Kutoka hapo hadi Kigali ni kama kilomita 160 za lami. Kamera za mwendo ni nyingi, na kwenye kivuko cha waenda kwa miguu unasimama kweli.

Pale darajani punguza haraka. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari Rwanda, watu wapatao laki mbili na nusu walivuka hapo kuja kwetu ndani ya takriban saa 24, na Benaco, unayoipita ukitokea Ngara, ikageuka kambi kubwa ya wakimbizi. Maji ya mto huo yalibeba maiti hadi Ziwa Victoria. Mtanzania anayekwenda Kigali kwa barabara hii anapita ndani ya habari hiyo, na ni vizuri aijue kabla hajafika Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji hayo.

Hatua ya 3: Lala Nyamirambo. Ni mtaa wa zamani wa Waislamu na wafanyabiashara, Kiswahili kinasikika madukani na vibarazani, na gesti ni nafuu kuliko katikati ya jiji. Chagua yenye geti, gari liingie ndani. Kuanzia hapo tumia miguu, basi (unalipa kwa kadi ya Tap&Go) au moto, kama wanavyoziita bodaboda. Abiria ni mmoja tu, na kofia ngumu unapewa. Uivae.

Hatua ya 4: Gisozi. Makumbusho ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni bure. Unalipia kifaa cha sauti ukikitaka. Wamezikwa hapo zaidi ya watu 250,000. Tenga nusu siku na usipange kitu kingine kizito baada yake. Kuna chumba cha watoto, chenye picha zao na maelezo mafupi: alipenda chakula gani, alicheza na nani, aliuawaje. Ukiwa na wanao wadogo, mzazi mmoja abaki nao bustanini. Kambi ya jeshi ya Kigali, walipouawa askari 10 wa Ubelgiji wa kulinda amani mwaka 1994, ni ziara fupi. Soko la Kimironko nenda asubuhi.

Hatua ya 5: Kula. Mchana tafuta kibao cha "mélange". Unajipakulia mwenyewe wali, ndizi, maharage, isombe (kisamvu chao), ila unapakua mara moja na nyama ni kipande. Jioni nenda baa ya maziwa, agiza ikivuguto, mtindi wao, na chapati. Hapo umeshiba.

MASWALI YA WADAU

*Mkuu, usukani wa kulia huko kulia hausumbui?*
Shida ni kuovateki, kwa sababu huoni mbele. Nyuma ya lori kaa mbali kidogo, na abiria wa kushoto akuangalizie. Usiku usijaribu.

*Naweza kufika Jumamosi?*
Isiwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi ni umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi, na unaweza kusimamishwa njiani hadi karibu saa tano. Pia Jumapili mbili kwa mwezi barabara kadhaa hufungwa asubuhi watu wafanye mazoezi. Hiyo sasa usiikose, ni burudani ya bure.

*Kaka, mimi ni dada nasafiri peke yangu. Usiku kukoje?*
Dada yangu, Kigali ni kati ya majiji tulivu ninayoyajua, na taa za barabarani zipo. Hata hivyo gesti iulizie mapema kama kuna mlinzi usiku, na ukitoka kula usipitilize sana.

*Pesa nibadilishe wapi?*
Mpakani badilisha kidogo tu ya chakula cha njiani. Nyingine subiri maduka ya fedha mjini, na noti zihesabu hapo hapo dirishani.