Mgeni wa Dungeons & Dragons arudi mara ya pili: ninavyoendesha meza yangu

Naendesha Dungeons & Dragons sebuleni kwangu hapa Dar, Jumamosi jioni. Ni mchezo wa mezani: mwendeshaji anasimulia, kila mchezaji anakuwa mhusika mmoja wa hadithi, na dadu inaamua kama analojaribu linafanikiwa. Wengi wanaokaa mezani hawajawahi kushika dadu ya pande 20. Watu hudhani mgeni harudi kwa sababu kanuni ni nyingi. Kanuni hazimfukuzi mtu. Haji tena kwa sababu alikaa saa tatu na hakuna kilichoharibika wala kutengenezeka kwa mkono wake.

Kwa hiyo usimkalishe atengeneze mhusika. Hiyo inakula saa nzima, tena anaulizwa maswali asiyo na pa kuyaanzia. Mimi huchapa karatasi za wahusika walio tayari: mpiganaji, mwizi, mchawi, tabibu wa hekalu, mwindaji. Achague anayempendeza, kisha aamue mambo mawili tu: jina, na mtu mmoja anayemdai mhusika wake. Hilo deni lina kazi yake baadaye. Vitabu si lazima kununua. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi zipo chini ya leseni ya Creative Commons, unapakua bure. Dadu nazo zipo kwenye simu.

Usitoe somo. Dakika kumi za kwanza zisiishe hajatupa dadu. "Mpo kwenye kivuko, mlinzi anataka nauli mara mbili. Unafanyaje?" Akisema, "Namwambia mimi ni mpwa wa mkuu wa bandari," hapo ndipo unamwonyesha: tupa, jumlisha na namba hii iliyo kando ya Haiba. Keshajua kanuni kuu, na hakuna aliyesoma kitu.

Sasa hesabu kidogo. Jambo la ugumu wa wastani linadai jumla ya 15, dadu pamoja na nyongeza ya mhusika. Mwenye nyongeza ya 5 anahitaji dadu imwonyeshe 10 au zaidi, yaani nyuso 11 kati ya 20. Atakosa karibu nusu ya majaribio, na hapo ni kwa yale anayoyamudu vizuri! Ukimjibu "umekosa, hakuna kitu" mara mbili tatu, ataanza kuchungulia simu. Akikosa, mambo yasogee. Kijana mmoja, fundi simu, alitaka kufungua kufuli la ghala, dadu ikampa 4. Nikamwambia limefunguka, ila mnyororo umedondokea bati na mbwa wawili wameamka. Alisimama kabisa kitini. Meza nzima ikawa inampigia kelele yeye, "Warushie nyama! Warushie nyama!", wakati nyama yenyewe hakuna aliyekuwa nayo.

Vita iwe nyepesi. Pigo moja la goblini, yule adui mdogo wa kuanzia, huondoa wastani wa pointi tano za uhai, na mchawi wa ngazi ya kwanza anaweza kuwa na saba tu. Leta goblini wawili, na mmoja akianguka mwenzake akimbie.

Wazoefu ndio kazi kubwa kuliko goblini. Kuna yule anayejua kila ukurasa, mgeni hajafungua mdomo ameshaambiwa cha kufanya. Naongea naye pembeni kabla hatujaanza: swali la mgeni linajibiwa na mgeni. Akinyamaza, tunasubiri, hata kama kimya kinachosha.

Halafu uliza mapema kuhusu uchawi na majini. Kwa baadhi yetu hayo si hadithi, yamewahi kubisha hodi nyumbani. Mimi huweka katikati ya meza kadi iliyoandikwa X, wazo la mbunifu wa michezo John Stavropoulos: yeyote akiigusa tunaliruka jambo hilo, na haulizwi sababu.

Wachezaji wanne wanatosha, saa tatu zinatosha. Maliza daladala zikiwa bado zipo, kwa sababu binti wa Mbagala akifika kwao saa sita usiku, atakayeamua kama anarudi tena ni mama yake. Na usimwalike kwenye kampeni, yaani hadithi moja inayoendelea, ya mwaka mzima. Mwambie ni vipindi vitatu, basi.

Zikibaki dakika kumi, lete lile deni. Mdai anatokea mlangoni, au mtoto anafika na barua yake. Funga hapohapo, wakilalamika sawa. Kesho yake mtumie mgeni ujumbe WhatsApp, kwake binafsi, usiweke kwenye grupu: "Mzee wa kivuko ameulizia hela yake. Safari hii kaja na watu wawili." Usimuulize kama atakuja. Akijibu na mpango wake, uandike, na kipindi kijacho uanze nao kabla ya jambo lingine lolote, hata kama umeandaa joka.

Kupanda ngazi ya pili, kanuni zinadai pointi 300 za uzoefu. Mimi sihesabu. Kipindi cha pili kikiisha wote wanapanda, na karatasi mpya wanakabidhiwa siku ya tatu.